Kamera ya Video ya Kuanzia: Tafuta Kwanza Tundu la Maiki

Kamera ya video isiyo na tundu la maiki simshauri mtu yeyote aanze nayo kazi, hata akiuziwa kwa bei ya kutupa. Naanza na hilo kwa sababu vijana wanaonifuata kuomba ushauri wanakuja na maswali ya 4K, ya megapikseli na ya zumu. Sauti itapitia wapi kuingia kwenye kamera, hilo hawaulizi.

Mimi napiga video za shughuli hapa Kigoma Ujiji: harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, mahafali ya shule, na siku hizi vikao vya ukoo ambavyo familia zinataka viwekwe kumbukumbu. Wateja wa kazi hizi wana huruma sana kwenye picha. Ikiwa na giza kidogo, mwenyewe atakutetea kwamba taa za ukumbi zilikuwa hafifu. Ikitikisika, atasema watu walikuwa wengi, walikusukuma. Lakini nasaha za baba mzazi zisiposikika, hapo hakuna wa kukutetea. Mzee ameshasema, ukumbi mzima ulimsikia, na kwenye video umebaki mvumo wa jenereta na vijiko vinavyogonga sahani. Hawezi kuombwa arudie. Wengine wanaotoa nasaha hizo ni wazee sana, na video ile inaweza kuwa ndiyo sauti yao ya mwisho kubaki nyumbani.

Kwa hiyo makala haya ni ya mtu anayeanza, mwenye fedha za kuhesabu, anayetaka kamera itakayomletea kazi ya pili na ya tatu. Nimeamua kuandika baada ya mtoto wa kaka yangu kunijia na simu mkononi, macho yanang'aa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona mbio?"

"Shangazi, nimeipata kamera. 4K kabisa, na haifiki hata laki tatu."

Alikuwa na laki sita alizokusanya kwenye biashara ya mawese, chupa kwa chupa, na alikuwa tayari kuituma hela siku ileile. Nikamwambia akae kwanza, tulisome tangazo pamoja.

Tangazo lilisema 4K, megapikseli 48, zumu mara 16, maiki ya nje, rimoti na taa, vyote ndani ya boksi moja. Ukilisoma juujuu unashangaa kwa nini kampuni kubwa bado zina wateja. Sasa soma polepole. Zumu mara 16 ilikuwa imefuatiwa na neno dogo: ya kidijitali. Maana yake ni kwamba lenzi haisogei hata kidogo. Kamera inachukua kipande cha katikati cha picha na kukivuta kiwe kikubwa, kitu ambacho unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani kwenye kompyuta, na matokeo yake ni uleule ukungu. Ile 4K nayo kwenye kamera nyingi za aina hii ni ya kunyoosha: kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera kinatoa picha ndogo kuliko hiyo, halafu programu inaongeza nukta za kubuni hadi zifike idadi ya 4K, yaani 3840 kwa 2160. Faili linakuwa kubwa na kadi inajaa, lakini sura ya mtu haiongezeki chochote.

Kuna njia ya kuzitambua bila kuwa fundi. Tazama maandishi kwenye duara la mbele la lenzi. Kamera ya kweli yenye zumu ya lenzi huandikwa namba mbili zenye kistari katikati, kwa milimita. Kwenye Canon LEGRIA HF R806 utakuta 2.8–89.6. Gawa 89.6 kwa 2.8 unapata 32, na hiyo ndiyo zumu yake halisi, mara 32. Kwenye Sony HDR-CX405 imeandikwa 1.9–57.0, ukigawa unapata 30. Zile za kwenye tangazo huwa zina namba moja tu, au hazina kitu, au zimeandikwa maneno matupu ya kupendeza. Kijana wangu aliikuza picha ya tangazo kwa vidole viwili hadi lenzi ikajaa kioo. Ilikuwa na namba moja tu.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la maana kuliko yote: kama ni hivyo, kwa nini asiendelee na simu yake tu?

Na kweli, kwa baadhi ya watu jibu ni kuendelea na simu. Kama unapiga vipande vifupi vya kuweka mtandaoni, mahojiano ya dakika tano, matangazo ya duka la mtu, simu nzuri pamoja na maiki ya kubana kwenye nguo inatosha, na picha yake mchana inaweza kuipita kamera ndogo ya video. Sioni sababu ya kumpotezea mtu fedha. Kamera ya video inaanza kushinda pale shughuli inapokuwa ndefu na wewe ukiwa mbali. Harusi inaanza saa nane kanisani na kumalizika usiku ukumbini. Simu itapata moto, itapigiwa, nafasi itajaa, na betri yake haitoki ukaweka nyingine. Kamera ya video unabadilisha betri kwa sekunde chache na kuendelea.

Tena hata kamera za picha zile kubwa za kubadilisha lenzi, nyingi za miaka iliyopita zinakata zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59. Ukomo ule ulitokana kwa sehemu kubwa na ushuru wa forodha wa Ulaya, ambako kamera iliyoweza kurekodi dakika 30 mfululizo ilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa zaidi. Nyingine zinakata kwa sababu ya joto. Kamera ya video yenyewe haina ukomo huo. Unaiwasha Baba Askofu anapoanza mahubiri na unaizima akimaliza, hata akichukua saa nzima.

Suala la umbali ndilo linaloifanya zumu ya lenzi iwe na thamani, na sisi watu wa Kigoma tuna mfano wetu jirani. Jane Goodall alianza utafiti wa sokwe Gombe mwaka 1960, na mwaka 1962 National Geographic ikamtuma Hugo van Lawick kuja kuwapiga picha na filamu. Sokwe hawakuwa wamewazoea watu kama walivyo leo. Huwezi kumsogelea mnyama wa namna hiyo ukamwekea kamera usoni, inabidi lenzi ndiyo imsogelee. Na ile filamu ya milimita 16 iliyotumika enzi hizo, roli la futi 100 linakwisha chini ya dakika 3. Kazi yetu ya kanisani ina shida ileile ya umbali. Padri hataki uzunguke altareni, kwa hiyo unasimama nyuma au pembeni, na pete inavishwa mita 20 kutoka ulipo. Simu pale inakupa ukungu. Lenzi ya mara 30 inakupa vidole na pete, mradi kamera iko juu ya stendi, maana ukivuta sana huku umeishika mkononi, hata pumzi zako zitaonekana.

Sasa kamera zenyewe. Nitazitaja chache ninazozifahamu, ambazo mtu mwenye fedha ndogo anaweza kukutana nazo, mpya au mtumba.

Sony HDR-CX405 ni nyepesi, inaingia kwenye mfuko wa koti, na ina kebo yake ya USB iliyofichwa kwenye mkanda wa mkono, hivyo hata powabenki inaichaji. Betri yake, NP-BX1, ndiyo inayotumika pia kwenye kamera za picha za Sony za RX100, kwa hiyo haitafutwi kwa tochi. Picha yake ya mchana ni safi. Ila haina tundu la maiki wala la hedifoni. Kwa mzazi anayetaka kumpiga mwanawe akicheza mpira ni kamera nzuri mno. Kwa mtu wa kazi imeishia hapo.

Panasonic HC-V180 ina zumu ya lenzi ya mara 50 na inaanzia pembe pana, kwa hiyo ukumbi mdogo unaingia wote bila wewe kurudi nyuma hadi ukutani. Nayo haina tundu la maiki.

Canon LEGRIA HF R806, ambayo Marekani inauzwa kwa jina la VIXIA HF R800, ina vyote viwili, tundu la maiki na tundu la hedifoni. Picha yake gizani si ya kujivunia, na nitaeleza kwa nini. Lakini ndiyo niliyomwelekeza kijana wangu, na ningemwelekeza tena kesho.

Ukiwa na fedha zaidi kidogo, Panasonic HC-V770 ina matundu yote mawili na kipokea mwanga kikubwa kuliko hizo zote tatu. Zumu yake ni mara 20 tu, na hiyo inatosha shughuli nyingi. Ya mtumba iliyotunzwa, usiiache.

Hicho kipokea mwanga, ambacho wapiga picha wanakiita sensa, ndicho kinachoamua usiku wako utakuwaje. Kwenye CX405 na V180 kipimo chake ni 1/5.8 ya inchi, na cha ile Canon nacho ni kidogo. Kwenye V770 ni 1/2.3. Kikiwa kidogo kinapokea mwanga mdogo, na kamera inalazimika kuongeza nguvu kwa umeme, ndipo unaona zile chengachenga zinazotembea kwenye nyuso za watu. Ukitaka kujua kamera yako ikoje, nenda Kibirizi jioni mitumbwi ya dagaa inapotoka, piga taa zao zikiwa ziwani. Utajua ndani ya dakika moja. Dawa ya bei nafuu ni taa ndogo ya LED juu ya kamera, na kuzungumza na MC mapema asizime taa za ukumbi maharusi wanapoingia.

Mtu akikuuliza mbona 4K nimeiacha, hesabu ni hii. Kamera ya nukta 1920 kwa 1080, ile inayoitwa Full HD, inayorekodi megabiti 35 kwa sekunde, ambayo ndiyo ngazi ya juu ya ile Canon, inakula karibu GB 16 kwa saa. Kadi ya GB 64 inakupa saa 4 hivi. Ukishuka hadi megabiti 17, kadi hiyohiyo inapita saa 8. Kamera ya kweli ya 4K kama Sony FDR-AX53 ikirekodi megabiti 100 inakula GB 45 kwa saa, inataka kadi ya kasi ya alama U3, na laptopu ya kawaida itagoma kuhariri. Halafu video yenyewe mteja anaiomba kwenye flashi aweke kwenye TV ya sebuleni, na vipande vingine kwa WhatsApp, ambayo inaviminya hata hivyo. Hiyo tofauti ya fedha iende kwenye sauti.

Tuliigawa laki sita hivi: kamera isizidi laki nne na nusu, na iliyobaki ni ya maiki, kadi, betri ya akiba na stendi. Kijana hakupenda. Aliona kamera inanyimwa fedha zake. Nikamwambia kamera bila hivyo vinne haiwezi kumaliza harusi hata moja.

Ya kwanza tuliyokwenda kuiona ilikuwa ya kaka mmoja pale mtaa wa Mwanga, aliyekuwa anauza ili anunue kubwa zaidi. Nasimulia ukaguzi huu kwa kirefu kwa sababu mtumba ndiko wengi wetu tunakoanzia.

Kamera ilikuwa safi kwa nje, mkanda hata haujachakaa. Nilikifungua kioo na kukigeuza polepole, mbele na nyuma, huku natazama picha. Ndani ya bawaba ile unapita waya bapa mwembamba kama karatasi, na ndio unaokatika wa kwanza kwenye kamera za aina hii. Ukiona picha inakatakata kioo kikifika pembe fulani, waya umeanza kufa. Huu ulikuwa mzima. Nikavuta zumu hadi mwisho na kuirudisha, nikisikiliza kama mota inakwaruza. Nikamulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka mbele, kwa pembe, nikitafuta nyuzinyuzi za fangasi, kwa sababu kamera iliyokaa kabatini karibu na ziwa bila kutumika huota ukungu ndani ya vioo. Hakuna. Nikafunika lenzi kwa kiganja na kurekodi giza, ili kuona kama kuna nukta nyeupe zisizohama. Mbili tatu ndogo, si kitu.

"Kaka, naomba nichomeke maiki yangu na hedifoni."

"Chomeka tu dada, hiyo haina shida."

Nikachomeka. Sauti ikaja vizuri. Nikaushika waya wa maiki pale unapoingia kwenye kamera, nikautikisa kidogo sana, kama vile mtu anayetembea nayo. Sikioni kukawa na mkwaruzo, kisha kimya, kisha sauti ikarudi.

"Hilo ni vumbi tu, dada. Ukipuliza linaisha."

Tukapuliza. Nikatikisa tena. Kimya kilekile. Tundu lilikuwa limelegea kwenye bodi, na kulichomelea upya kunahitaji fundi mwenye mkono mtulivu na kifaa cha joto, kazi ambayo inaweza kuua kamera nzima. Tukamshukuru, tukaaga. Kijana alinuna njia nzima, na ninamwelewa, ila nilimwambia angeligundua hilo tundu katikati ya viapo.

Tuliyoinunua ilipatikana baadaye kwa mama mmoja aliyeletewa na ndugu yake kutoka Ulaya na kuitumia kwenye shughuli za familia. Jina lilikuwa LEGRIA, na hilo jina lina maana kwetu. Canon hutumia VIXIA kwa soko la Marekani, ambako video inakwenda kwa mwendo wa picha 60 kwa sekunde, kufuatana na umeme wao wa mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wa Tanzania ni wa mizunguko 50, na LEGRIA kwa kawaida inakwenda kwa 50. Mtu anaweza kuona ni jambo la vitabuni, hadi apige ukumbini chini ya taa za mirija au LED za bei nafuu. Taa hizo zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Ikirekodi kwa shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ya 1/60 ya sekunde, mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye ukuta na kwenye shela la bibi harusi. Shata ya 1/50 au 1/100 inaiondoa. Kamera yenye mwendo wa 50 inakaa hapo yenyewe, wakati kamera ndogo nyingi za Marekani hazikupi nafasi ya kuchagua shata. Basi kabla ya kununua ya mtumba kutoka nje, ipige chini ya taa ya ukumbi au hata ya duka, angalia ukuta mweupe.

Wakikuletea kamera ya kaseti za MiniDV kwa bei ndogo, zipite. Zilikuwa kamera nzuri sana wakati wake, na wakubwa wetu walijengea nyumba kwa hizo. Ila kaseti ya saa moja inahitaji saa moja kuihamishia kwenye kompyuta, kupitia tundu la FireWire ambalo laptopu za sasa hazina, na Sony yenyewe ilitangaza kuacha kutengeneza kaseti hizo mwaka 2025. Za DVD ndogo nazo zipite.

Kadi nunua mwenyewe, usikubali ya zawadi. Megabiti 35 kwa sekunde ni chini ya megabaiti 5, na kadi yoyote halisi ya daraja la 10 inaandika angalau megabaiti 10, kwa hiyo huhitaji kadi ya bei mbaya. Unachohitaji ni kadi ya kweli. Ziko kadi zilizoandikwa GB 128 ambazo ndani ni 8: zinarekodi vizuri mwanzoni, zinaonyesha nafasi ipo, na ukienda kufungua mafaili ya jioni hayafunguki. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw, inaijaza kadi yote kisha inasoma ilichoandika. Inachukua muda mrefu. Ifanye usiku, ulale.

Turudi kwenye sauti, ndiko moyo wangu uliko.

Maiki iliyojengwa kwenye kamera inasikia kilicho karibu na kamera, basi. Ukisimama mita 10 kutoka kwa msemaji, aliye karibu na kamera ni wewe, jirani yako na mtoto wake. Maiki ya kubana kwenye nguo, zile za waya kama BOYA BY-M1 ambayo waya wake ni mita 6, bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kamera, na kwa mahojiano inabadilisha kila kitu. Kwa ukumbini njia ni mbili. Ongea na DJ akupe waya kutoka kwenye mikisa yake, ile mashine ya kuchanganyia sauti, lakini uwe na kifaa cha kupunguza nguvu, kwa sababu sauti ya mikisa ni kubwa mno kwa tundu la maiki la kamera na itapasuka. Au chukua simu ya akiba, iweke kwenye hali ya ndege, irekodi sauti karibu na spika au kwenye meza ya wazazi, na mwanzoni piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri unatafuta lile kofi kwenye sauti zote mbili na kuzipanga. Programu za kuhariri kama DaVinci Resolve toleo la bure, Kdenlive na Shotcut zote zinaweza kazi hiyo.

Na vaa hedifoni, muda wote. Mshale wa sauti kwenye kioo unaonyesha kuna sauti, hauonyeshi ni sauti gani. Nimeona mishale inacheza vizuri kabisa kumbe ni upepo.

Upepo wa ziwa letu ni jambo la peke yake. Kiangazi, upepo wa kusini unapovuma, hata maneno ya mtu aliye mbele yako yanachukuliwa. Sponji inayokuja na maiki haifui dafu kwa upepo huo. Kinachosaidia ni manyoya marefu. Nenda sokoni kwenye mitumba, tafuta koti la baridi lenye kola ya manyoya bandia, kata kipande, shona kifuko kidogo kinachovaa juu ya sponji, manyoya yakiwa nje. Kazi ya nusu saa kwa sindano. Ninacho kimoja cha kijivu, kinakaa kwenye begi mwaka mzima.

Kazi ya kwanza niliyompa kijana haikuwa harusi. Nilimtuma kwa bibi yake Ujiji, akamrekodi anasimulia alivyokuja kuolewa pale. Nilikwenda naye kumwangalia. Alitaka kumweka bibi uani chini ya mwembe, pazuri kwa macho, lakini kuku walikuwa pale na jirani anapasua kuni. Tukaingia barazani. Akambana maiki kwenye ukingo wa kanga, na bibi alipojitengeneza tu, kanga ikasugua maiki, ikalia sikioni kama kitu kinachoraruka. Tukaihamishia kwenye gauni, shibiri moja chini ya kidevu, tukaukunja waya kitanzi kidogo na kuubana pamoja na kibanio, ili akijivuta waya usivute maiki. Kisha akaomba redio ya ndani izimwe.

"Mjukuu wangu, na mimi nizime?" bibi akauliza.

"Hapana bibi, wewe ndiye tunayekutaka."

Akaanza kusimulia, mara Kiswahili mara Kiha, na kila neno liliingia, hata pale aliposhusha sauti akimtaja marehemu mumewe. Picha ilikuwa ya kawaida kabisa. Familia imeitazama zaidi ya video zote za harusi nilizowahi kuwapigia.

Kuhusu mwanga nitasema moja tu la hapa kwetu. Ziwa liko magharibi. Jioni kila mtu anataka kupigwa ufukweni na maji nyuma yake, na jua linakuwa nyuma hukohuko, likielekea Kongo. Nyuso zinakuwa nyeusi. Kamera nyingi zina kitufe cha kurekebisha mwanga wa nyuma, kitafute kwenye menyu ukiwa nyumbani, usikitafute mbele ya wateja. Au wahamishe maharusi, jua liwe ubavuni mwao, na mtu mmoja ashike kitambaa cheupe upande wa pili kurudisha mwanga usoni. Shuka la kawaida linatosha.

Na omba ruhusa. Bandarini na stesheni ya treni usitoe kamera kabla hujazungumza na wahusika. Ukitaka kupiga filamu ya biashara ndani ya hifadhi kama Gombe au Mahale, kibali kinatangulia safari. Kamera ya mkononi inaonekana ya kazi kuliko simu, na watu wanakuwa na haki ya kuuliza unapiga kwa ajili ya nani.

Fedha ya kazi ya kwanza ikiingia, nunua betri ya pili kubwa. Kwenye Canon hiyo ni BP-727, ambayo ni kubwa kuliko BP-718. Ya kazi ya pili iwe stendi yenye kichwa kinachozunguka laini, maana ile nyepesi ya mwanzo itakuchosha upesi. Begi liwe na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vibadilishe vikilowa. Ukirudi usiku kutoka kwenye shughuli, hamisha mafaili yote kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje kabla hujalala, yafungue moja moja usikilize mwanzo, katikati na mwisho, na kadi usiifute hadi mteja awe amepokea flashi yake na kukupigia kwamba amemsikia baba yake.